Maswali ya Wasomaji: Kung'amua Ishara Dhaifu za Redio kwa Kompyuta

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi namna WSJT-X, programu ya bure inayotumiwa na wanaredio wa ridhaa duniani kote, inavyosoma ujumbe mfupi wa kidijitali unaofika ukiwa dhaifu kiasi kwamba sikio haliusikii kabisa. Barua zilizofuata kutoka Unguja na Pemba ni nyingi kuliko nafasi tuliyopewa, na kwa kuwa kadhaa zinauliza jambo lile lile, tumechagua zile zilizoeleza tatizo kwa undani zaidi.

Assalaam aleikum, ndugu mwandishi. Nina redio ya masafa mafupi yenye SSB (upokeaji wa upande mmoja wa mawimbi) na laptopu ya zamani. Nimeunganisha tundu la visikilizi la redio na tundu la maikrofoni la laptopu, nikaweka megahezi 14.074 kama mlivyoandika, na kwenye dirisha la maporomoko ya rangi naona mistari mingi ikishuka. Lakini pale maandishi yanapotakiwa kutokea hapatokei kitu siku nzima. Kasoro iko wapi? — Msomaji, Wete

Wa aleikum salaam. Mistari unayoiona ni habari njema, kwa sababu inathibitisha kwamba waya wako unapokea, redio iko kwenye masafa yanayotakiwa na sauti inafika kwenye kompyuta. Washukiwa waliobaki ni wachache, na wa kwanza ni saa.

FT8, ambayo ndiyo namna ya mawasiliano inayosikika kwenye 14.074, huigawa dakika katika vipande vinne vya sekunde 15, vinavyoanza kwenye sekunde ya 0, ya 15, ya 30 na ya 45 kwa saa ya UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia. Kila anayerusha huanza nusu sekunde baada ya kipande kuanza, na ujumbe wake huchukua sekunde 12.64. Programu hukusanya sauti ya kipande kizima, kisha huifanyia hesabu kipande kinapokaribia kwisha. Saa ya laptopu ikiwa mbele au nyuma kwa sekunde 4 au 5, ujumbe utaingia ukiwa umekatwa kichwa au mkia, na kwa hesabu za programu ujumbe wa namna hiyo haupo, hata kama mstari wake unang'aa kwenye dirisha. Laptopu za zamani mara nyingi betri yake ndogo ya saa imekwisha, kwa hivyo kila inapozimwa saa huyumba, na ikikaa bila ya intaneti haina pa kujisahihishia.

Iunganishe na intaneti ya simu kwa dakika chache, uingie kwenye mipangilio ya saa na kuilazimisha ijioanishe. Kama intaneti haipatikani, irekebishe kwa mkono kwa kufuata saa ya simu inayoonyesha sekunde, kisha utazame safu iliyoandikwa DT mara tu maandishi yatakapoanza kutokea. Mstari mmoja kamili huonekana hivi:

140015 -17 0.3 1482 ~ CQ K1ABC FN42

Tarakimu za mwanzo ni saa ya UTC, yaani saa 14, dakika 00, sekunde 15, inayofuata ni nguvu ya ishara kwa desibeli, 0.3 ndiyo DT, yaani tofauti ya sekunde kati ya saa yako na ya mrushaji. 1482 ni mahali pa mlio kwa hezi. Na mwisho ni ujumbe wenyewe, hapa kituo cha mfano, K1ABC, kinachomwita yeyote (CQ) kutoka FN42, mraba wa ramani ya wanaredio ulioko mashariki ya Marekani. Ukiona kituo kimoja tu kina DT kubwa, mwenye kasoro ni yeye. Ukiona vyote vina 1.4 au 1.5, saa yako ndiyo iliyotangulia, au sauti inachelewa njiani kabla ya kuifikia programu.

Jambo moja huwababaisha wengi bila ya sababu. Eneo la saa likiwa limewekwa vibaya, tuseme laptopu inadhani iko Ulaya, FT8 itang'amuliwa bila ya tabu, kwa kuwa kinachohesabika ni sekunde ndani ya dakika. Kitakachoharibika ni kumbukumbu zako za saa. Kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia jua linapotoka, njia nyepesi ya kupata UTC ni kuongeza 3 kwenye saa yetu: saa nne asubuhi ni 07:00, saa kumi na moja jioni ni 14:00, na usiku unaongeza 12 juu yake, hivyo saa tatu usiku ni 18:00.

Mshukiwa wa pili ni sauti yenyewe. Tundu la maikrofoni limetengenezwa kwa ajili ya sauti ndogo mno, na sauti ya visikilizi hulijaza hadi ikapasuka. Pembeni ya dirisha la WSJT-X kuna kipimo cha wima. Punguza sauti ya redio hadi kipimo kisimame karibu na 30 pale kunaposikika kelele tupu. Katika mipangilio ya sauti ya Windows zima kila kinachojiita uboreshaji au upunguzaji wa kelele, kwa maana milio ya FT8 isiyobadilika sana huhesabiwa na vifaa hivyo kuwa ndiyo kelele yenyewe, nayo hufutwa. Kwenye redio fungua chujio pana kuliko yote, na uhakikishe umechagua USB, yaani upande wa juu wa mawimbi (si lile tundu la kuchomekea waya), kwa kuwa ukiwa kwenye LSB, yaani upande wa chini, milio hugeuka juu chini na hakuna kitakachosomeka. Mwisho, tazama kama programu iko kwenye FT8 na si FT4, ambayo vipande vyake ni vya sekunde 7.5.

Shikamoo mwalimu. Nasoma mambo ya kompyuta hapa Tunguu. Programu inaonyesha vituo vyenye desibeli −18, −20, hata −21. Kama nimeelewa vizuri, −20 maana yake kelele ina nguvu mara 100 kuliko ishara. Inawezekanaje kusoma kitu kilichozama hivyo? — Mwanafunzi, Tunguu

Marahaba. Umeelewa vizuri nusu ya jambo, na nusu iliyobaki imo katika swali la kelele ipi inayopimwa.

Namba hiyo hulinganisha ishara na kelele yote iliyomo ndani ya upana wa hezi 2500, ambao ni takriban upana wa sauti ya mtu anayezungumza kwenye SSB. Ishara ya FT8, hata hivyo, haitumii upana huo. Inakaa ndani ya hezi 50, na ukichuja hezi 50 tu kutoka katika zile 2500 unakuwa umeitupa kelele nyingi na kubaki na moja ya hamsini, sawa na kupata desibeli 17. Kwa hivyo kituo cha −21, ndani ya nafasi yake, kina −4 tu. Endelea mbele kidogo: FT8 hutumia milio 8 inayopishana kwa hezi 6.25, na kwa kila sehemu ya sekunde 0.16 mlio mmoja tu kati ya hiyo minane ndio unaosikika. Ukipima kelele iliyomo ndani ya hezi 6.25 peke yake, faida inafika desibeli 26, na ishara yetu ya −21 sasa iko juu ya kelele kwa desibeli 5. Haijazama tena. Ilionekana imezama kwa sababu tulikuwa tunaipima ndani ya chumba kikubwa kisichokuwa chake.

Bei ya faida hiyo hulipwa kwa muda. Milio inayopishana kwa hezi chache lazima idumu muda mrefu zaidi ili itofautishwe, na ndiyo maana ujumbe mmoja wenye biti 77 unachukua karibu sekunde 13. Biti hizo zimebanwa kwa ustadi: alama ya mwito ya kila kituo hupewa biti 28, mraba wa mahali au ripoti ya nguvu hupewa 15, na chache zilizobaki hueleza ujumbe ni wa aina gani. Dunia nzima imegawanywa katika miraba 32,400, na biti 15 zinabeba namba 32,768, kwa hivyo miraba yote inaenea na nafasi ndogo inabaki kwa ajili ya ripoti.

Baada ya hapo huongezwa biti 14 za ukaguzi na biti 83 za kusahihisha makosa, jumla 174, zinazorushwa tatu tatu katika milio 58. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya kinachopita hewani ni akiba ya kufidia kitakachoharibika njiani. Sehemu kubwa ya milio ikimezwa na radi au kwa ishara kupanda na kushuka, hesabu bado inaweza kuurejesha ujumbe mzima, au isiurejeshe kabisa. Hapana ujumbe wa nusu, na hili ndilo linalowashangaza waliozoea redio ya sauti, ambayo hufifia polepole.

Milio 21 iliyosalia, kati ya jumla ya 79, haibebi habari yoyote. Ni mpangilio maalumu wa milio 7 unaorudiwa mwanzoni, katikati na mwishoni, na programu huutafuta kwanza ili ijue ujumbe umeanzia wapi. Anayeuona mwezi mwandamo pale pwani mara nyingi si mwenye macho makali kuliko wenzake; ni yule anayejua upande gani wa upeo autazame na kwa dakika zipi, na programu nayo inafanya hivyo hivyo, kwa kuwa inajua ujumbe utaanza lini na una umbo gani.

Kwa kuwa unasoma kompyuta, itakufaa kujua kazi hii imetokea wapi. Mwanzilishi wake ni Joe Taylor wa Chuo Kikuu cha Princeton, aliyepewa Nobel ya fizikia mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kugundua, mwaka 1974, palsa, yaani nyota inayotoa mapigo ya redio, inayozungukana na mwenzake. Kuzitafuta palsa ni kazi hiyo hiyo ya kufukua mapigo hafifu ndani ya kelele. Programu ya kwanza ya WSJT aliitoa mwaka 2001, na FT8, aliyoibuni pamoja na Steve Franke, ilitoka mwaka 2017. Maandishi ya programu yako wazi kwa kila mtu, na kwa maoni yangu yanafundisha kazi ya misimbo ya kusahihisha makosa kuliko vitabu vingi.

Mimi ni baharia mstaafu, nimefanya kazi ya redio melini kwa mosi (Morse, herufi za milio mifupi na mirefu) miaka mingi. Mjukuu wangu kanionyesha hiyo FT8 yenu. Kompyuta inasikia, kompyuta inajibu, mtu kakaa anatazama. Hiyo ni redio au ni mchezo? — Mzee wa Malindi, Unguja

Shikamoo mzee wangu. Swali lako lina haki, na sitalijibu kwa kuitetea kompyuta.

Ni kweli kwamba FT8 si mazungumzo. Ujumbe wa kawaida una alama mbili za mwito na mraba, au ripoti, au salamu za kuagana, na anayetaka kuandika maneno yake mwenyewe hupewa nafasi ya herufi 13 tu, nafasi zilizo wazi zikihesabiwa. Huwezi kumuuliza mwenzako hali ya bahari kwa herufi 13. Wapo waliouona upungufu huo, na programu ya JS8Call ilitengenezwa juu ya misingi ya FT8 ili watu waandikiane sentensi kamili, ijapokuwa kwa mwendo wa taratibu.

Lakini tutazame uwezo wenyewe. Sikio la mtaalamu wa mosi hukadiriwa kufika karibu desibeli −15 kwa kipimo kile kile cha hezi 2500, jambo ambalo kwa kiungo cha nyama na damu ni la ajabu. FT8 inafika karibu −21. WSPR, namna nyingine ya kurusha ishara dhaifu ambayo Taylor aliitoa mwaka 2008, inashuka hadi karibu −30, kwa sababu hutumia upana wa hezi 6 tu na kila urushaji wake huchukua muda unaokaribia dakika 2. Tofauti hizo ndizo zinazomwezesha mtu mwenye wati moja na waya uliofungwa kwenye mnazi asikike bara jingine katika siku ambayo kwa mosi asingesikika.

Umbali huo haukuondoa kazi ya mtu, umeihamisha. Kujua saa gani bendi ya mita 10 (masafa ya megahezi 28) itafunguka kuelekea Ulaya, kuuchagua urefu wa waya, kuitafuta kelele na kuizima, kutambua kwamba ishara imepita njia ndefu ya kuzunguka dunia, hayo kompyuta hayafanyi. Mjukuu wako ana programu tu. Wewe una elimu ya mawimbi, na nadhani mkikaa pamoja atakayefaidika zaidi ni yeye. Mwombe pia akutafutie megahezi 14.100. Hapo kuna mtandao wa vinara 18 duniani, yaani vituo vya kurusha ishara za kupimia masafa, vinavyopeana zamu ya sekunde 10 kila kimoja na kukamilisha mzunguko kwa dakika 3, na kila kinara hutaja alama yake kwa mosi, kisha hutoa milio minne mirefu kwa wati 100, 10, 1 na sehemu ya kumi ya wati. Hiyo utaisoma kwa sikio, na kijana atakuandikia wewe.

Naishi ghorofa za Michenzani. Asubuhi napata vituo vingi, lakini kuanzia magharibi dirisha lote linajaa rangi na vituo vinapotea. Je, ni hali ya hewa? — Msomaji, Michenzani

Anga nayo hubadilika jua linapotua, lakini dirisha lote kujaa rangi saa ile ile watu wanapowasha taa kunaashiria jambo jingine. Kinachokusumbua kwa uwezekano mkubwa ni vifaa vya umeme vya majumbani: taa za LED za bei rahisi, chaja za simu, televisheni, na vigeuzi vya umeme wa sola. Ndani ya vifaa hivyo umeme huwashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde, na mabaki ya kazi hiyo husambaa kwenye masafa mafupi. Kwenye dirisha la maporomoko utaitambua kelele hiyo kwa mistari minene yenye kingo zisizo safi, inayopishana kwa nafasi sawa na kuhamahama kidogo kidogo, tofauti na mistari ya FT8 inayoanza na kukoma kwa pamoja kila sekunde 15.

Kipimo kizuri kuliko vyote hakigharimu kitu. Tumia laptopu kwa betri, redio kwa betri, kisha zima swichi kuu ya nyumba yako na utazame kipimo cha sauti. Kikishuka sana, adui yumo ndani ya nyumba yako. Washa swichi moja moja hadi umjue. Usisahau kuichunguza chaja ya laptopu yenyewe, ambayo mara nyingi ndiyo ya kwanza kukamatwa. Kisipobadilika, subiri siku umeme ukikatika mtaa mzima, na badala ya kulalamika ukimbilie redio: dakika hizo zitakuonyesha masafa yako yangekuwaje bila ya majirani.

Kwa kelele ya majirani dawa ni kuitoa antena nje na juu, mbali na nyaya za umeme, na kuishusha kwa kebo yenye ngao, si kwa waya mtupu unaopita sebuleni. Kwa bendi ya mita 20 (megahezi 14) waya wa nusu wimbi ni kama mita 10.2, umegawanywa katikati. Kwa mita 10 ni kama mita 5.1, ambao unaenea hata kwenye roshani. Funika viungo vyote kwa tepu ya mpira, kwani hewa ya chumvi huila shaba taratibu na kiungo kilichoota kutu ya kijani hutengeneza kelele zake mwenyewe.

Niko Nungwi. Nimenunua kile kidude cha RTL-SDR cha kuchomeka kwenye kompyuta, nataka kupokea WSPR ya mita 10. FT8 ya 28.074 inakuja vizuri, lakini WSPR haijatokea hata mara moja. Tena programu inaniuliza mraba wangu. Niandike ule wa Zanzibar? — Msomaji, Nungwi

Tuanze na mraba, maana jibu lake ni fupi na lina jambo la kufurahisha. Hakuna mraba mmoja wa Zanzibar. Mji umo ndani ya KI93, lakini mstari wa latitudo 6 kusini unaikata Unguja, na wewe uliye kaskazini yake uko KI94, mraba mmoja na Chake Chake na Wete. Ukivuka latitudo 5, kule Micheweni, unaingia KI95. Andika KI94.

Kuhusu WSPR, kidude chako kinapokea vizuri, ila hakijui kwa usahihi kiko wapi. Jiwe la kioo linaloongoza masafa ndani ya vidude vya bei nafuu linaweza kukosea kwa sehemu makumi kadhaa katika kila milioni. Kwa FT8 hilo halionekani sana, kwa sababu vituo vimetawanyika katika upana wa karibu hezi 3000, na kosa la hezi mia kadhaa linavihamisha tu. WSPR yote ya bendi moja imo ndani ya dirisha la hezi 200, kuanzia 1400 hadi 1600 juu ya 28.1246. Kosa la sehemu 50 katika milioni, kwenye megahezi 28, ni hezi 1400. Unatazama dirisha lisilo na kitu wakati vituo viko mlango wa pili.

Utakisahihisha kwa msaada wa vile vinara nilivyomtajia mzee wa Malindi, ambavyo vinarusha pia kwenye 28.200. Weka 28.199 katika USB; mlio wa kinara unapaswa kusikika kwenye hezi 1000 kamili. Ukiuona kwenye 1700, kosa ni hezi 700, sawa na karibu sehemu 25 katika milioni, na namba hiyo unaiandika kwenye sehemu ya marekebisho iliyoandikwa ppm, ukijaribu alama ya kujumlisha na ya kutoa hadi mlio urudi mahali pake. Kiache kidude kiwake nusu saa kabla ya kupima, kwani kadiri kinavyopata joto masafa yake yanateleza, na WSPR haivumilii mtelezo wa zaidi ya hezi chache kwa dakika. Kwa WSPR pia saa ina sharti la ziada: urushaji huanza kwenye dakika shufwa, kwa hivyo laptopu iliyokosea dakika moja kamili itapokea FT8 bila ya wasiwasi na WSPR isiione milele.

Mita 10 hutegemea jua. Mzunguko wa 25 wa jua ulifika kwenye kilele chake mwaka 2024, na kadiri unavyoshuka saa za kufunguka zitapungua, hivyo usichelewe. Jaribu kuanzia saa nne asubuhi hadi baada ya magharibi, na miezi ya Machi na Septemba uendelee hadi usiku, kwani hapo ndipo ishara kutoka nchi za Mediterania huweza kuvuka ikweta kwa nguvu isiyotarajiwa, hata kwenye megahezi 50.

Nimeshajua kupokea. Naweza kuanza kurusha? — Msomaji, Mahonda

Bila ya leseni, hapana, hata kwa wati moja. Mawasiliano ya simu na redio ni jambo la Muungano, na leseni za redio ya ridhaa kwa Unguja na Pemba hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ukipata alama yako ya mwito inayoanza kwa 5H, jitayarishe kuitwa na wengi kwa pamoja, kwa kuwa vituo vya kudumu visiwani ni adimu. Wakusanyaji wa visiwa duniani wanaihesabu Unguja kama AF-032 na Pemba peke yake kama AF-063.

Juzi programu iliniandikia kituo chenye alama ya ajabu kutoka mraba wa RR73, ambao kwenye ramani umo Bahari ya Aktiki. Mara nyingine inaandika vinukta ndani ya mabano. Niamini? — Msomaji, Chake Chake

RR73 ni mraba halali, kweli uko kaskazini ya mbali, ila katika FT8 maana yake ni "nimepokea yote, kwaheri", nayo ilichaguliwa kwa sababu si rahisi mtu kurusha kutoka huko. Huyo alikuwa anaagana na mwenzake.

Vinukta ndani ya mabano hutokea pale kituo chenye alama ndefu isiyo ya kawaida kinapotumwa kwa ufupisho wa namba, na programu yako bado haijaisikia alama kamili ya kuilinganisha. Isubiri, ikisikika mara moja nzima, vinukta vitajazwa.

Alama ya ajabu yenyewe ni suala jingine. Ukaguzi wa biti 14 huruhusu takataka kupita kwa nasibu mara moja katika majaribio 16,384, na programu hujaribu mara nyingi sana kila sekunde 15, hasa ukiiweka kwenye ung'amuzi wa kina, pale inapokisia baadhi ya maneno kabla ya kuyasikia. Ndiyo maana mistari mingine huwekewa alama ya kuuliza au herufi a yenye namba pembeni. Kabla ya kuiingiza kwenye kumbukumbu zako tazama mambo matatu: nguvu iwe si −24 iliyo ukingoni kabisa, DT isitofautiane mno na ya wengine, na uwepo mstari kwenye dirisha la maporomoko mahali palipoandikwa. Kisha ngojea zamu inayofuata. Kituo cha kweli kinachoita kitarusha tena baada ya sekunde 30, kwenye hezi ile ile.